Motokari ya telekomande: ununue tayari ao uunge mwenyewe?

Kila mwisho wa mwaka masoko ya Bunia yanajaa motokari ndogo za kuendeshwa na telekomande. Nyingi zinakufa mbele mwezi wa kwanza haujaisha. Mzazi wa Bunia ao wa Djugu anayetaka kumpa mtoto motokari yake ya kwanza afanye nini: achukue ile iliyokwisha kuungwa kiwandani, ao ile inayokuja vipande vipande ndani ya karto? Tulijaribu zote mbili. Haya njo tuliyojifunza.

Siku ya nne kisha Noeli, motokari ilikataa kukata kushoto. Tulikuwa tumeinunua sokoni Bunia kwa ajili ya kijana wetu wa miaka 12: nyekundu, taa mbele, telekomande yenye usukani, dola 15 kisha kubishana bei. Siku ya kwanza ilikimbia ndani ya kiwanja mpaka kuku wakahama. Siku ya pili ilianza kukohoa kwenye mchanga. Siku ya nne ikabaki kuzunguka tu, kuume, kuume, sawa mbuzi aliyefungwa kwa kamba.

Tukasema tuifungue. Chini yake kulikuwa visi tatu, na moja ilikuwa na kichwa cha pembe tatu ambacho turnevisi ya nyumbani haiwezi kukishika. Tulipoingia ndani kwa nguvu ya kisu, tukakuta kibao kimoja cha elektroniki chenye tone jeusi la gundi katikati. Hakuna jina, hakuna namba. Fundi wa simu aliyetuonea huruma aliigeuza mara mbili, akatueleza kwa upole kwamba hawezi kuagiza kitu kisicho na jina. Akaomba tumwachie motere yake ndogo. Tukamwachia.

Kijana hakulia. Jioni ile ile aliokota waya nyuma ya nyumba, akaanza kuukunja. Yeye na mama yake walikuja kukaa kwetu kutoka upande wa Fataki, wakati watu walikuwa wanakimbia vita. Huko aliacha motokari ya waya aliyoitengeneza kwa mikono yake, juu siku ya kukimbia mtu habebi mchezo. Lakini namna ya kuitengeneza hakuiacha. Ilikuwa ndani ya kichwa chake, na ndani ya vidole.

Hapo njo tulianza kujiuliza kama sisi wakubwa tulikosea tangu mwanzo. Tulimletea mtoto anayejua kuunga kitu ambacho hakiwezi kufunguliwa.

Watoto wa Djugu wanajua kuunga tangu zamani

Mwenye kupita barabara ya taifa namba 27, kutoka Bunia kwenda Iga Barrière, Nizi na mbele zaidi, amekwisha kuwaona. Mtoto anakimbia pembeni ya barabara, mkononi ana fimbo ndefu yenye usukani wa waya juu, na mbele ya miguu yake motokari ya bati la sardine inakata kona kama ya kweli. Magurudumu ni soli ya kandambili iliyokatwa duara ao vifuniko vya chupa. Ukiinama kutazama, unakuta ekseli ya mbele inayogeuka, unakuta karoseri, wakati mwingine hata springi. Hakuna mtu aliyempa karatasi ya maelezo. Alitazama Fuso iliyokwama matopeni, akaelewa.

Tena si watoto peke yao. Ku Goma watu wanabebea mikaa, viazi na maji juu ya chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na motere, inayochongwa kwa panga na patasi. Tangu 2009 iko na sanamu yake katikati ya mji. Chukudu ikivunjika, mwenyewe anaitengeneza palepale, sababu anajua kila kipande kinafanya kazi gani.

Hata motokari za telekomande zenye jina kubwa duniani zina asili ya namna hiyo. Tamiya, kampuni ya Japani ambayo watu wa mchezo huu wote wanaijua, ilianza 1946 ku mji wa Shizuoka ikiwa mashine ya kupasua mbao. Kisha ikaanza kutengeneza vifaranga vya meli na motokari vya mbao, kisha vya plastiki. Mwaka 1976 ikatoa motokari yake ya kwanza ya telekomande, Porsche 934, ikiwa ndani ya karto, vipande vipande, mnunuzi aunge mwenyewe. Ilianza na ubao, kama sisi.

Neno lao kwa karto hiyo ya vipande ni kit. Sisi hatutalitumia sana, juu kwetu kiti ni cha kukalia. Tutasema *motokari ya kuunga*. Na ile nyingine, inayotoka kiwandani ikiwa nzima, tutaiita *motokari tayari*.

Si aina mbili, ni tatu

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufikiri kwamba "tayari" ni kitu kimoja. Hapana. Kuna motokari tayari ya kuchezea siku mbili, na kuna motokari tayari ya kweli.

Ile ya siku mbili njo inajaza soko mwezi wa kumi na mbili. Tuiite motokari ya Noeli. Usukani wake unajua mambo matatu tu: kushoto kabisa, kuume kabisa, katikati. Motere yake inajua kwenda ao kusimama. Ndani yake kila kitu kimechomelewa pamoja. Kikifa kimoja, vyote vimekufa.

Motokari tayari ya kweli ni kitu kingine. Usukani wake unafuata kidole: ukigeuza kidogo, inakata kidogo, ukigeuza sana, inakata sana. Ndani, kila kazi iko na kifaa chake: motere peke yake, kifaa cha kugeuza usukani peke yake, kifaa cha kugawa nguvu ya umeme peke yake, kipokezi cha redio peke yake. Kimoja kikiungua, unakichomoa, unaweka kingine. Kampuni kama Traxxas ya Marekani inauza motokari za namna hii na vipuri vyake vyote, na siku hizi viwanda vingi vya China vinatengeneza ndogo za bei ya chini zaidi.

Ya tatu ni motokari ya kuunga. Ndani, vifaa ni vile vile vya motokari tayari ya kweli. Tofauti ni kwamba wewe njo kiwanda.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "tayari ao ya kuunga?", mjibu kwanza kwa swali: tayari gani? Ya Noeli haiingii hata katika mashindano haya.

Namna ya kuitambua dukani ni rahisi, haiombi diploma. Omba waiwashe. Geuza usukani kidogo tu, polepole: magurudumu yakiruka mpaka mwisho, ni ya Noeli. Igeuze tumbo juu: ukiona visi nyingi za msalaba zinazoonekana wazi, ni dalili nzuri, ukiona tatu, na moja ya ajabu, rudisha. Soma karto: iko na jina la kampuni na namba ya modeli? Kama hakuna namba, hakuna kipuri. Mwisho, chomoa batri: ile ya kweli inatoka na waya na pini yake, na juu yake wameandika aina na nguvu. Mwenye duka akikataa usifungue, mshukuru, endelea na njia yako.

Ndani ya karto ya kuunga

Motokari ya kuunga ilitufikia miezi kadhaa kisha, ndani ya begi la ndugu mfanyabiashara anayepita Kampala na Mahagi. Ilikuwa bagi, ile ya tumbo la juu na mipira yenye meno, ambayo magurudumu yote manne yanavuta. Tulipofungua karto, mama wa kijana aliuliza kwa sauti ndogo kama tuliuziwa takataka. Kulikuwa mifuko ya visi, fremu za plastiki zenye vipande kama samaki wadogo wamefungwa kwenye mgongo mmoja, na karoseri inayopitisha mwanga kama chupa ya maji, bila rangi yoyote.

Kilichotuokoa ni kitabu cha maelezo. Karibu chote ni picha. Kila fremu iko na herufi, kila kipande kiko na namba, na kila visi imechorwa kwa urefu wake wa kweli ili uiweke juu ya karatasi na kulinganisha. Mtoto asiyejua Kijapani wala Kiingereza anaweza kukifuata. Kitu kimoja tu kinaombwa: usiruke ukurasa.

Tuliunga jioni tano, saa mbili hivi kila jioni, wakati kulikuwa mwanga. Kijana alikata vipande, sisi tulisoma picha, kisha tukabadilishana, juu alisoma picha vizuri kuliko sisi. Alijaza mafuta ndani ya shokabsoba ndogo na kungoja mapovu yapande. Alipaka grisi juu ya meno ya gia. Rangi ya karoseri inapakwa kwa ndani, ili mchanga usiikwangue. Alichagua kijani, na alichora namba 27, ya barabara ya kwao.

Siku ya kuwasha, motokari ililia lakini haikwenda. Magurudumu ya mbele yalitaka kwenda mbele, ya nyuma yalitaka kurudi nyuma. Tulishika kichwa. Kijana aliinyanyua, akageuza gurudumu moja kwa kidole, akatazama lile la upande wa pili, akanyamaza. Kisha akasema tumeweka difransiali ya mbele kinyume. Ilikuwa kweli. Kosa hili ni la kawaida kwa wanaounga motokari ya magurudumu manne mara ya kwanza. Alifungua visi, akageuza kipande, akafunga. Dakika 20. Bila fundi, bila kulipa mtu.

Katika dakika hizo 20 njo tulipata faida yetu yote. Motokari ile ingeharibika siku fulani, kama kila motokari. Lakini siku hiyo tungekuwa na mtu ndani ya nyumba anayejua kufungua.

Hesabu ya pesa, bila kudanganyana

Sasa upande wa pili. Mwenye kuuza atakuambia bei ya karto, hatakuambia kilichokosekana ndani. Chukua mfano wa TT-02 ya Tamiya, moja ya zile zinazopendekezwa sana kwa wanaoanza. Ndani ya karto mara nyingi unapata fremu, gia, motere na karoseri, na zaidi ya mara moja kifaa cha kugawa nguvu. Hupati telekomande na kipokezi chake. Hupati kifaa cha kugeuza usukani. Hupati batri, hupati shajeri, hupati rangi. Kila kimoja kina bei yake.

Kwa kukadiria, huko nje ya inchi karto kama hiyo inaanzia kwenye dola 100 na zaidi. Ukiongeza yote yaliyokosekana unapita dola 200 kwa urahisi, mbele hujalipa usafiri na duane. Motokari tayari ya kweli, iliyo ndogo, unaweza kuipata kwa dola 60 mpaka 100, na batri, shajeri na telekomande viko tayari ndani. Kwa pesa peke yake, motokari tayari inashinda. Anayekuambia kwamba kuunga ni bei ya chini hajawahi kuunga.

Tena tuseme wazi. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure tangu 2019, lakini daftari si bure, yuniformi si bure, na sekondari inaomba pesa. Kama dola hizo ni za masomo, jibu ni fupi: masomo kwanza. Hakuna motokari inayofaa mtoto afukuzwe shule. Chini tutaeleza njia ya tatu, isiyoomba hata dola 10.

Umeme, vumbi na mipira

Watu wengi wanauliza kuhusu umeme. Kwa wengi wetu unakuja na kwenda. Nje ya mji, Djugu, wengi wanaishi kwa plaki ya jua. Je, batri ya motokari itamaliza kila kitu?

Hapana. Batri ya kawaida ya motokari hizi ni ya volti 7.2 na miliampea 3000 kwa saa. Zidisha: ni kama wati-saa 22. Batri ya simu kubwa ya leo ina wati-saa 15 mpaka 19. Yani kujaza motokari ni sawa na kujaza simu moja na kidogo. Plaki ya wati 50, jua likiwa kali, inaweza kuimaliza kwa saa moja hivi ao saa mbili. Lakini kumbuka: umeme huo unakwisha kwa dakika 15 ao 20 za kukimbia. Ni mchezo wa robo saa, si wa siku nzima. Mweleze mtoto mapema.

Njo maana shajeri ni muhimu kuliko rangi ya motokari. Zingine zinakunywa umeme wa ukuta tu. Zingine zinakubali volti 12, yani unaweza kuzifunga kwenye batri ya plaki ya jua ao ya motokari kubwa. Kwa mtu wa Iga Barrière ao wa Katoto, chagua hii ya pili bila kufikiri mara mbili.

Kuhusu aina ya batri, anayeanza achukue ile ya nikeli, NiMH. Ni nzito kidogo lakini inavumilia makosa. Batri ya lityumu, LiPo, inatoa nguvu nyingi, lakini haipendi mchezo. Kila selo yake haifai kushuka chini ya volti 3, wala kupita 4.2, na inaomba shajeri yake yenyewe. Ikivimba, usiitumie tena. Ikijazwa vibaya inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kirahisi. Kwa hiyo, lityumu haijazwi usiku watu wakilala, haijazwi juu ya godoro, haijazwi ndani ya nyumba ya nyasi ao chini ya hema la plastiki kama yale ya kambi za wakimbizi wa vita. Juu ya simenti, mbali na nguo, mtu mkubwa akitazama. Kama hamna mahali hapo, msinunue ya lityumu.

Kisha vumbi. Kiangazi, udongo wetu mwekundu unaingia mahali ambapo hata maji hayaingii. Motokari ya chini, ya mashindano ya lami, itasaga kokoto siku ya kwanza. Chukua bagi ao ile ya mtindo wa pikapu, yenye tumbo la juu. Karto nyingi za kuunga zinakuja na vibushi vya plastiki kwenye magurudumu. Ukiweza, agiza beringi ndogo zenye mfuniko toka mwanzo, juu vumbi linakula plastiki haraka. Kisha kila mchezo, brashi ya meno ya zamani na kitambaa kikavu. Usiioshe kwa maji kama pikipiki.

Jambo moja dogo ambalo lilitusumbua: visi za Japani zinafanana na visi za msalaba tunazozijua, lakini si sawa kabisa. Turnevisi ya kawaida inapanda na kula kichwa. Tafuta turnevisi inayojaa vizuri, sukuma chini kwa nguvu, geuza polepole. Na ukifunga visi ndani ya plastiki, ikigusa, acha. Nguvu ya fundi wa Fuso haitakiwi hapa.

Nani achukue gani

Sasa tutoe shauri.

Mtoto wa chini ya miaka 10, ao mtoto ambaye hakuna mkubwa wa kukaa naye: motokari tayari, lakini ya kweli, ndogo, yenye visi zinazofunguka na jina juu ya karto. Mbele ya kulipa, muulize mwenye kuuza kama anaweza kuleta mikono ya mbele, ekseli na kifaa cha usukani. Hivyo njo vinavunjika kwanza. Akisema ndiyo, agiza kimoja palepale, pamoja na motokari. Kusubiri kipuri kutoka Kampala ao Dubai wakati motokari imekwisha kulala ni njia ya kuisahau.

Mtoto wa miaka 12 na kwenda juu, anayekaa muda mrefu juu ya kitu kimoja, na ana mkubwa mmoja, baba, mama, dada ao mjomba, wa kukaa naye jioni tano: motokari ya kuunga. Utalipa zaidi, utangoja zaidi, lakini kisha kazi utakuwa na motokari na fundi wake.

Kijana wa sekondari anayesoma mekanike ao umeme: ya kuunga, bila ubishi. Difransiali anayochora ubaoni ataishika mkononi. Kama pesa ni nyingi kwa mtu mmoja, wajiunge watano. Motokari moja inatosha kwa kujifunza, na tano wanaobishana juu ya gia moja wanaelewa haraka kuliko mmoja anayenyamaza.

Na yule ambaye hajui kama mtoto wake atapenda? Hapa njo inaingia njia ya tatu. Mpe kwanza motokari ya waya, lakini yenye motere. Motere ndogo inapatikana ndani ya redio ya kaseti iliyokufa, ndani ya mashine ya DVD, ndani ya motokari ya Noeli ya mwaka jana. Fundi wa simu wa mtaa atachomelea nyaya mbili kwa franka kidogo. Mpira wa ndani wa baiskeli, ukikatwa mwembamba, unakuwa mkanda wa kuvuta gurudumu. Mawe mawili ya tochi yanatosha. Haitakuwa na telekomande, itakwenda mbele tu. Mtoto akiimaliza, akaibomoa, akaitengeneza tena vizuri zaidi, umekwisha kupata jibu: mtafutie ya kuunga. Akiiacha nusu, umeokoa dola 200.

Maneno mawili ya usalama

Hatuwezi kumaliza bila kusema haya, juu tuko Ituri.

La kwanza: watoto wanaotafuta waya na bati wanatembea mahali pengi, na tangu Disemba 2017 vita imepita katika vijiji vingi vya Djugu. Mzazi akubaliane na mtoto wake: vyuma vinaokotwa nyumbani, garajini ao kwa fundi, si porini, si kwenye nyumba zilizochomwa, si mahali askari walilala. Chuma usichokijua, chenye umbo la chupa, la yai ao la mrija, hakiguswi, hakitupiwi jiwe, hakibebwi kumwonyesha rafiki. Unarudi kwa njia uliyojia, unamwambia mkubwa, mkubwa anaambia viongozi.

La pili: kitu kidogo kinachotembea peke yake, na mtu kwa mbali ameshika kifaa chenye antena, kinaweza kueleweka vibaya na mwenye bunduki. Chezeni ndani ya kiwanja, ku uwanja wa shule ao wa kanisa, mchana, watu wakiona. Si karibu na barieri, si karibu na kambi ya askari.

Kilichobaki

Bagi ya kijani iko hai bado. Imevunja mkono wa mbele mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa na kipuri. Mara ya pili hatukuwa nacho, na kijana alichonga kingine kwa plastiki ya ndoo, akakipima juu ya kile kilichovunjika, akakitoboa kwa msumari wa moto. Si kizuri kwa macho. Inakata kushoto, inakata kuume.

Siku hizi watoto wa jirani wanamletea motokari zao za Noeli. Nyingi hawezi kuzifufua, na anawaambia hivyo, kwa upole ule ule wa fundi wa simu. Anatoa motere, anaiweka ndani ya kopo la maziwa, pamoja na zingine. Juzi tulimuuliza kama akipata nafasi ya kurudi Fataki ataibeba bagi. Alisema ataibeba kama kuna nafasi. Kisha akaongeza kwamba kama hakuna nafasi, atabeba turnevisi.